Kuchagua Saa ya Sataranji: Mizani ya Wakati Baina ya Wachezaji Wawili

Mchezo ambao watoto wetu shuleni huuita chesi, wazee wa mwambao waliuita sataranji, kwa neno lililotoka kwa Waajemi, likapita kwa Waarabu, hata likatia nanga katika lugha yetu. Siku hizi mchezo huo unaingia majumbani kupitia mikoba ya shule. Mtoto hujifunza klabuni, akaja nyumbani akaomba ubao na kete. Na mzazi akishanunua hivyo viwili, haupiti muda mrefu ila aombwe kitu cha tatu, nacho ni saa.

Ombi hili huwashangaza wazazi wengi. Ukutani ipo saa, mkononi ipo saa, na simu nayo ina saa. Ya nini tena saa ya kuchezea? Tumeona ni vyema kulijibu swali hilo kwa ukamilifu. Saa hizi si kitu cha kununuliwa kila mwaka, na zinafanana kwa sura ilhali zinatofautiana sana kwa kazi. Mzazi akichagua isiyofaa, hasara haiishii mfukoni mwake. Mtoto ndiye atakayeilipa ubaoni, kwa kupoteza michezo ambayo akili yake ilikuwa imekwisha kuishinda.

Kazi ya saa hii

Saa ya sataranji ni saa mbili ndani ya umbo moja. Kila mchezaji ana upande wake na wakati wake, na wakati huo huhesabiwa kwa kurudi nyuma kuelekea sifuri. Mchezaji akishasogeza kete yake hubonyeza kitufe cha upande wake: saa yake husimama, na ya mwenziwe huanza kwenda. Hivyo kila mmoja hutumia muda wake mwenyewe kufikiri, wala halili fungu la mwenziwe. Aliyeishiwa na wakati kabla ya mchezo kwisha hushindwa, hata kama kete zake ubaoni ni nyingi zaidi. Kanuni imetoa ruhusa moja tu: ikiwa mwenziwe hana kete za kuweza kumfunga shaha kwa njia yoyote ile, mchezo huhesabiwa kuwa sare.

Bila ya saa, kila mzazi aliyewahi kuwatazama watoto wawili wakicheza anajua yanayotokea. Mmoja hufikiri kwa robo saa nzima huku akiuma kucha. Wa pili huchoka, akalala kifudifudi mkekani, na zamu yake inapowadia huisogeza kete yoyote ili mradi mambo yaishe. Kisha huja kilio, na mama huitwa kutoka jikoni kuhukumu kesi isiyokuwa na shahidi. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka; na wahenga hao hao wakasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa imewekwa baina ya methali hizo mbili. Inamruhusu mtoto kufikiri, na inamzuia asimchoshe mwenziwe.

Ilikotoka

Wakubwa nao waliteseka kwa jambo hilo hilo. Katikati ya karne ya 19 mashindano makubwa ya Ulaya yalichezwa bila ya mpaka wa wakati, na mtu aliweza kumshinda mwenziwe kwa kumchosha tu. Mwaka 1861, katika pambano la Adolf Anderssen na Ignatz Kolisch, zilitumika shisha za mchanga, kila mchezaji na yake. Ndipo mwaka 1883, katika mashindano ya London, ikatumika saa ya kwanza yenye nyuso mbili, iliyobuniwa na Thomas Bright Wilson wa Manchester: moja ikienda, ya pili husimama. Saa za namna hiyo, za kutia ufunguo na zenye akrabu, zilitawala ulimwengu wa sataranji kwa takriban miaka mia moja.

Mageuzi yaliletwa na bingwa wa dunia wa zamani, Mmarekani Bobby Fischer. Mwaka 1988 aliomba hataza ya saa ya dijitali ya muundo wake, akaipata mwaka uliofuata. Na mwaka 1992 saa hiyo ikatumika katika pambano lake la marudiano na Boris Spassky katika Yugoslavia. Jambo jipya halikuwa tarakimu zilizoonekana kiooni. Jambo jipya lilikuwa kwamba kila mchezaji alipobonyeza kitufe, saa ilimwongezea muda kidogo. Hiyo nyongeza ndiyo nukta ambayo tungependa kila mzazi aifahamu kabla ya kuingia dukani, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha saa ya kufaa na saa ya kujutia.

Nyongeza na muhula

Natuchukue mfano. Binti wa miaka kumi anacheza mchezo wa dakika 10 kwa kila upande, bila ya nyongeza. Amecheza kwa makini, ana malkia na ngome, na mpinzani wake amebakiwa na shaha na kitunda kimoja. Anahitaji hatua kumi hivi ili amfunge, lakini saa yake imebakisha sekunde 8. Mkono wake hauwezi kusogeza kete na kubonyeza kitufe mara kumi kwa sekunde nane bila ya kuzipindua kete. Wakati utakwisha, na atahesabiwa kuwa ameshindwa kwa sababu ya kile kitunda kimoja. Atatoka mezani akiamini kwamba kufikiri ni kosa na kwamba wenye mikono miepesi ndio wenye akili.

Mpe binti huyo saa yenye nyongeza ya sekunde 10, na mambo hubadilika. Kila anapobonyeza kitufe, sekunde 10 huingia katika hazina yake. Akicheza hatua moja kwa sekunde 4, amepata faida ya sekunde 6. Hata akifika ukingoni kabisa, daima ana sekunde kumi za kuangalia ubao na kusogeza kete kwa utulivu. Ushindi alioujenga kwa kufikiri hauporwi na kasi ya mkono. Tunaloamini sisi ni kwamba saa ya mtoto haina budi kuwa na nyongeza. Mengine yote ni ya kuzingatiwa baada ya hilo.

Ipo pia njia ya pili, ambayo hapa tutaiita muhula. Badala ya kuongeza muda, saa hungoja. Katika namna moja, mchezaji huachiwa sekunde kadhaa kabla ya wakati wake kuanza kupungua. Katika namna nyingine, inayofungamanishwa na jina la David Bronstein, wakati hupungua kama kawaida, lakini mchezaji akibonyeza kitufe hurudishiwa zile sekunde alizozitumia, zisizidi kiwango kilichowekwa. Katika namna zote mbili hakuna faida ya kurundika: mwenye dakika tatu hawezi kufikisha nne kwa kucheza mbio. Muhula ni mwema, lakini mashindano ya kimataifa aghalabu hutumia nyongeza. Saa yenye nyongeza peke yake inatosha; yenye muhula peke yake itampungukia mtoto anayetaraji kushindana.

Mambo ya kuangalia dukani

La kwanza ni kujaribu nyongeza papo hapo. Usitosheke na maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Mwombe muuzaji aweke dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, kisha bonyeza kitufe upande huu na upande huu mara kadhaa, ukitazama kama sekunde zinaongezeka. Muuzaji akishindwa kuiweka, jiulize mtoto ataiwekaje.

La pili ni kioo. Tarakimu ziwe kubwa na nyeusi, zisomeke kutoka upande wa mchezaji na hata kutoka kwa anayetazama amesimama. Igeuze saa kidogo kuelekea dirishani, kwani baadhi ya vioo hufifia vinapopigwa na mwangaza wa mchana. Saa nyingi huonyesha dakika na sekunde muda ukipungua, lakini zinapoanza na saa nzima au zaidi huonyesha saa na dakika tu. Hilo si kasoro. Mweleze mtoto asije akadhani kwamba saa imesimama.

La tatu ni kitufe. Saa nyingine zina vitufe viwili vilivyotengana. Nyingine zina wenzo mmoja mrefu juu yake, unaoinama upande mmoja na kuinuka upande wa pili kama mkono wa mizani. Wenzo una faida ya wazi: ukitupa jicho tu unajua ni zamu ya nani. Ujaribu kwa kidole kimoja. Ukihitaji nguvu, mtoto atauchapa, na saa itateleza mezani. Angalia kadhalika uzito wake na mpira wa chini, kwani saa nyepesi hukimbia kila inapobonyezwa.

La nne ni betri. Chagua inayotumia betri za kawaida zinazopatikana katika duka la mtaani, si zile za vidonge ambazo hutafutwa mji mzima, na ambazo ni hatari mno kwa mtoto mdogo akizimeza. Sisi wa Pwani tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Betri iliyosahaulika ndani ya saa kwa miezi huvuja, na vyuma vyake hushika kutu upesi. Likizo ikiisha na saa ikawekwa kabatini, toa betri, futa vyuma kwa kitambaa kikavu, uifunge saa ndani ya mfuko.

La tano ni jinsi saa inavyomaliza kazi yake. Wakati wa mmoja ukifika sifuri, saa ya mwenziwe nayo yafaa isimame, na alama ionekane upande wa aliyekwisha kwanza. Saa zisizofanya hivyo huendelea kuhesabu upande wa pili, na watoto wasipoangalia kwa haraka, pande zote huonyesha sifuri na ugomvi huanza upya. Uliza pia kama mlio wake unaweza kuzimwa. Nyumba yenye mtoto mchanga itakushukuru.

La sita, na hili wengi hawalijui, ni kama saa inaweza kuwekewa muda tofauti kwa kila upande. Kaka wa miaka kumi na minne akicheza na mdogo wake wa miaka minane, mpe kaka dakika 5 na mdogo dakika 15. Wakati ni haki inayogawika, na mgawo wa namna hii huwafanya wote wawili wafikiri kwa bidii. Mama ambaye ndio kwanza anajifunza anaweza kujipimia vivyo hivyo mbele ya mwanawe, wala hakuna aibu yoyote.

Nyumba tatu, chaguo tatu

Nyumba ya kwanza ni ile ambayo mtoto ameanza mchezo juzi tu. Msinunue saa bado. Zipo programu za bure za simu zinazofanya kazi ya saa ya sataranji, zikiwa na nyongeza. Simu hulazwa kando ya ubao, na kila mchezaji hugusa nusu yake ya kioo. Upungufu wake ni kwamba simu hulia katikati ya mchezo, na kioo kilichozoea kuguswa humwita mtoto kwenye mambo mengine. Lakini kwa miezi miwili mitatu itakujulisha kama hamu ya mtoto ni ya kudumu au ya msimu.

Nyumba ya pili ni ya mtoto aliyekwisha ingia klabu. Huyu anahitaji saa ndogo ya dijitali yenye nyongeza. Hapa majina yanaweza kumhadaa mnunuzi. Kampuni ya DGT ya Uholanzi, kwa mfano, hutengeneza DGT 1001, ambayo huhesabu kurudi nyuma tu bila ya nyongeza, na DGT 1002, ambayo ina nyongeza. Tofauti ya majina ni tarakimu moja. Tofauti ya kazi ni ile ya binti wetu wa sekunde nane. Zipo pia saa za Kichina, kama zile za Leap, ambazo aina zake ni nyingi na hazina uwezo sawa. Kwa hizo, jaribio la dakika 3 na sekunde 2 ndilo hakimu. Rahisi huvunja upishi, lakini si kila rahisi; kinachopimwa ni kazi, si jina.

Nyumba ya tatu ni ya kijana anayeshiriki mashindano yanayosimamiwa kwa kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa. Saa kama DGT 2010 na DGT 3000 zimeidhinishwa na shirikisho hilo, na zinaweza kuendesha mchezo wa vipindi viwili, kama ule wa dakika 90 kwa hatua 40 za mwanzo, kisha dakika 30 za kumalizia, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua tangu ya kwanza. Kabla ya kugharimika kiasi hicho, muulizeni mwalimu wa klabu ni saa gani zinazotumika huko. Mtoto aliyezoea vitufe vya saa ile ile hatapapatika siku ya mashindano.

Adabu ya saa

Saa huja na adabu zake, na mafunzo yake yanafaa hata nje ya ubao. Mkono uliosogeza kete ndio huo huo unaobonyeza kitufe. Kanuni za kimataifa zimelitamka hilo waziwazi, ili mtu asishike saa kwa mkono mmoja na kucheza kwa mwingine. Saa hubonyezwa, haipigwi. Kete ikianguka, mwenye kuiangusha huisimamisha kwa wakati wake mwenyewe, si kwa wakati wa mwenziwe. Na kabla ya mchezo kuanza, wachezaji wakubaliane saa ikae upande gani wa ubao, kwa kuwa aliye karibu nayo kwa mkono anaoutumia ana wepesi kidogo.

Wakati wa mchezo na wakati wa Swala

Hatuwezi kuzungumzia sataranji katika kurasa hizi tukanyamazia hukumu yake. Wanazuoni wametofautiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea katika mwambao wetu, kauli inayojulikana ni kuwa mchezo huu ni makruhu, na kwamba huwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimpitisha mtu wakati wa Swala. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine waliokaza zaidi. Mwenye shaka amwendee shekhe wake amuulize, na jibu atakalopewa ndilo la kufuatwa nyumbani mwake.

Kwa nyumba iliyouruhusu mchezo huu, saa ni msaada mkubwa, kwa kuwa sataranji isiyopimwa haina mwisho unaojulikana. Mchezo wa dakika 10 kwa kila upande bila ya nyongeza hauwezi kuzidi dakika 20. Kwa hakika, hilo ndilo jambo jema moja la kutokuwa na nyongeza. Mchezo wa dakika 5 na nyongeza ya sekunde 5, ukifika hatua 40, hauzidi dakika 17. Ule wa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, kwa hatua 40, hauzidi dakika 44. Ukirefuka hadi hatua 60, utafika dakika 50. Basi baina ya Alasiri na Magharibi ipo nafasi ya michezo miwili ya namna hiyo, na muda wa kutosha wa kutia udhu na kwenda msikitini bila ya kukimbia. Baina ya Magharibi na Isha, palipo na chuo, masomo na chakula, usianzishwe mchezo mrefu. Wa dakika 5 kwa 5 unatosha, na bora zaidi ni kungoja kesho.

Tunashauri hesabu hii ifanywe na mtoto mwenyewe kabla ya kupanga kete. Aulizwe: adhana ni saa ngapi, na mchezo utakwisha saa ngapi? Akilizoea swali hilo, hatahitaji kuitwa mara tatu. Na adhana ikisikika kabla ya mchezo kwisha, saa za dijitali zina kitufe cha kuzisimamisha pande zote mbili kwa pamoja. Mfundisheni mtoto kitufe hicho siku ya kwanza, kabla ya kumfundisha namna ya kuongeza sekunde.